Mreno Wangu na Ngome ya Mahamri

Mreno wangu nilimtoa kwenye mkebe wa biskuti.

Mwalimu wetu wa historia, kijana wa Kiingereza mrefu hata ukimtazama usoni shingo inauma, alikuwa ameandika watu wa kale kwenye vikaratasi, akavikunja na kuvitia ndani ya mkebe uliokuwa bado unanukia siagi. Sisi wanafunzi wake wa masomo ya jioni tukapita mbele, mmoja mmoja, kutia mkono. Tulikuwa watu wazima ambao miguu yetu ilishachoka na kazi za mchana: madereva, wapishi, wafagizi wa maofisi, na mimi mlezi wa wazee niliyetoka kuwaogesha vikongwe wa nusu ya Tottenham. Nasema nusu. Mume wangu akisoma hapa atasema walikuwa sita.

Nikakikunjua kikaratasi changu. Kilisema: Mreno, askari wa kukodiwa, aliyejifanya mfalme wa bandari huko Burma.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Kwetu mtoto akiuliza ile Ngome kubwa ilijengwa na nani, unamjibu "Wareno" kwa sauti ile ile unayomtajia mtu aliyemaliza sukari yote ya nyumba. Sikumtaka Mreno. Nilimtaka malkia, au angalau daktari.

Malkia alimwangukia jirani yangu wa dawati, mzee wa Kihindi kutoka Rayners Lane, mzaliwa wa Kisumu. Alikuwa ameuza duka lake akastaafu, na baada ya miezi michache ya kukaa naye nyumbani mchana kutwa, mkewe akamwambia achague: masomo ya jioni au talaka.

"Kaka, tubadilishane," nikamnong'oneza.

"Hapana, dada," akasema, akikikumbatia kikaratasi chake. "Miaka yote mimi nakaa kwa duka, nangoja malkia. Leo malkia ya China nakuja yeye mwenyewe. Mimi naachaje?"

Basi nikarudi nyumbani na Mreno wangu mkobani.

Nieleze hapa kwa nini jambo hili halikuwa mchezo. Mwisho wa mwaka kila mmoja wetu angesimama na kuzungumza robo saa juu ya mtu wake, mbele ya mtahini kutoka nje. Chuo kikuu kimoja cha hapa hapa London kilikuwa kimeshanikubali nikasome historia, kwa sharti kwamba nipasi masomo haya ya jioni. Insha zangu za mwaka huo zilinipa alama za kuchechemea: hazikunizamisha, wala hazikunifikisha pwani. Robo saa ile ndiyo ingeamua. Niliacha shule kidato cha pili, nikaolewa, nikazaa, nikavuka bahari, nikalea wangu na wa watu, na katika umri wangu wote sikuwahi kupewa karatasi rasmi yenye jina langu isipokuwa bili ya umeme.

Siku niliyojiandikisha, mume wangu alipanda kiti sebuleni akapigilia msumari ukutani, katikati ya picha za mahafali ya watoto wetu.

"Huo ni wa cheti chako," akasema. "Usiuache ukashika kutu."

Kisha, kwa kuwa msumari mtupu ulimkera, akaanza kuutundikia kofia yake nyeupe kila akirudi kutoka msikitini. Mwaka mzima nilikuwa nikiinua macho kutoka vitabuni, naiona kofia ile inanitazama kama vile inauliza, "Vipi bibie, bado?"

Jioni ile ya mkebe nilimkuta mume wangu jikoni na sare yake ya udereva wa basi, anapasha biriani.

"Umepewa nani?"

"Mreno."

Akazima jiko. "Mreno? Katika watu wote waliopita duniani, wewe, mtoto wa Mombasa, umepewa Mreno?"

"Sikupewa. Nimemtoa mkebeni."

"Mrudishe."

"Harudishiki."

"Basi asilale humu ndani," akasema, akawasha jiko tena.

Alilala, tena mwaka mzima. Nilikuwa nikisoma habari zake kwenye basi, kwenye foleni ya duka la nyama, na kwenye chumba cha mapumziko kazini, miguu ikiwa juu ya kiti. Mwanzoni nilimchukia vizuri kabisa. Lakini kukaa na mtu ni kukaa na mtu. Huyu alizaliwa katika nyumba isiyo na kitu, akapanda merikebu angali mdogo, na alipofika Asia hakuwa na mali wala elimu wala mjomba serikalini. Alichokuwa nacho ni bunduki na mdomo. Nikamwambia mume wangu, "Unajua, mdomo wake ulikuwa kama wako." Hakufurahi. Tangu hapo akawa kila asubuhi ananiuliza, "Mreno keshaamka? Amekunywa chai?"

Tatizo langu lilikuwa jingine, na lilikuwa la zamani. Mimi nikisimulia kitu, hukua. Nikikwambia mvua ilinyesha, jua kuwa samaki walionekana wakiogelea mbele ya kituo cha treni. Sidanganyi, natia chumvi, na chakula kisicho chumvi nani atakila? Mreno wangu alipoanza alikuwa na merikebu tatu. Nilipowasimulia wale wazee wangu kazini, huku nawakata kucha, zikawa kumi na tatu. Ilipofika Ijumaa bahari haikuonekana kwa merikebu, na bibi mmoja Mwairishi aliyekuwa hajacheka tangu majira ya baridi akaniambia niongeze nyingine mbili kwa ajili yake.

Mwalimu wetu hakuwa na njaa ya aina hiyo. Kila insha yangu ilirudi na wino mwekundu pembeni, neno moja tu limerudiwa kutoka juu hadi chini: Chanzo? Chanzo? Chanzo?

"Insha yako imenichekesha hadi nikapitishwa kituo changu," aliniambia mara moja baada ya darasa.

"Ahsante, mwalimu."

"Lakini mtahini hataisoma kwenye treni. Atauliza umejuaje kila unachokisema. Usipoweza kumjibu, sitakuwa na la kukusaidia."

Ajabu ni kwamba kazini mimi si hivyo kabisa. Kazi ya ulezi ina adabu yake ya kuandika, na msimamizi wetu hana masihara nayo. Ukimkuta mzee sakafuni huandiki kuwa ameanguka, kwani ulikuwapo? Unaandika kuwa umemkuta sakafuni. Kuwa yeye mwenyewe amesema ameteleza. Na kama unashuku ni zile ndara mpya, unaandika kuwa unashuku. Ulichoona, ulichoambiwa, unachodhani: kila kimoja na mahali pake. Miaka yote nilikuwa nikifanya hivyo bila kukosea, kisha navua sare, navaa buibui langu, naingia darasani, na merikebu zinaanza kuzaana.

Siku ya mtihani ikafika. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo, nikiwahadithia watu wa kwetu, mpaka leo hawalioni kuwa ni kosa.

Kwetu huwezi kuwaita watu waje wakusikilize kisha ukawaacha midomo mikavu. Mtoto akihitimu chuoni, watu wanakula. Maulidi yakisomwa, watu wanakula. Hata wakija kukusuluhisha na mumeo, wanatangulia kula. Sasa itakuwaje mtahini, mama wa watu, atoke huko atokako, aje anisikilize mimi robo saa nzima, na nisimwekee kitu? Hilo sikuliwaza hata mara moja. Nilichowaza ni kama sambusa ziwe za nyama tupu au nichanganye na za mboga, maana kaka yangu wa Rayners Lane hali nyama.

Nilipika tangu alfajiri. Sambusa za namna mbili, katlesi, viazi karai, mahamri ya kutosha kulisha bandari, mishkaki, kaimati zinazong'aa kwa shira, na bakuli kubwa la chatne ya ukwaju. Mume wangu alikuja kuchungulia akafukuzwa kwa mwiko.

"Unakwenda mtihani au unakwenda kuoza binti?"

"Nenda zako kazini. Na usiguse hayo mahamri, yamehesabiwa."

"Yamehesabiwa na nani? Wewe hujawahi kuhesabu kitu kikatoka sawa."

Nikayapanga kwenye sinia mbili, nikafunika kwa leso yangu ya buluu, na kaka wa Rayners Lane akaja kunichukua kwa gari lake. Njia nzima vioo vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya baridi, naye alikuwa ananusa na kumeza mate, anasema, "Dada, malkia yangu wa China sasa iko na njaa sana."

Mtahini alikuwa ameshafika. Mama mwembamba, nywele za mvi zimekatwa fupi, miwani inaning'inia kifuani kwa mkufu. Alikaa nyuma ya meza na faili lake, kalamu sambamba na faili, glasi ya maji sambamba na kalamu. Wanafunzi wenzangu walikuwa wamepanga viti ukutani. Jina langu lilikuwa la kwanza. Nikafunua sinia, nikajaza sahani, nikaiweka mbele yake kwa mikono miwili, kama nilivyofunzwa.

"Karibu, mama. Tia kitu mdomoni kwanza, ndipo tuanze."

Akaitazama sahani. "Hiki ni nini?"

"Sambusa. Hizi za nyama, zile za mboga."

"Nauliza hiki ni nini," akasema polepole, "anapopewa mtahini, na mtahiniwa wake, kabla ya mtihani."

Mimi bado sikuelewa. Nilidhani labda hali ngano.

Kaka yangu akaniinamia sikioni. "Dada, hii mama nadhani wewe napa yeye rushwa."

"Rushwa ya sambusa?"

"Mimi kwa duka Kisumu naona rushwa dogo kuliko hii."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtahini akaeleza, bila ukali, na kutokuwa na ukali kwake ndiko kulikonitisha. Haruhusiwi kupokea chochote kutoka kwa mtahiniwa. Likitokea jambo kama hilo hana budi kuliandika, na mtihani huweza kufutwa. Akafungua kalamu yake. Nikaiona kofia nyeupe juu ya msumari, imetulia, imeshapata makao ya kudumu.

Mwalimu wetu alikuwa amesimama mlangoni, rangi yake sawa na wino wake. Alikuwa anafunua karatasi za masharti ya mtihani kama mtu anayetafuta ufunguo huku mbwa anakuja. Mara akainua kichwa.

"Hicho chakula," akaniambia, na macho yake yalikuwa yanazungumza kwa sauti kuliko mdomo, "ni... ni sehemu ya mazungumzo yako? Vielelezo vinaruhusiwa. Ramani, picha, vitu. Je, hicho ni kielelezo?"

Mimi sijawahi kufunguliwa mlango nikakataa kuingia.

"Ndiyo," nikasema. "Ni ramani."

Ukweli wa maneno hayo ulianza pale pale nilipoyasema, wala si kabla. Mtahini akanitazama. Akaitazama sahani. Kalamu ikabaki hewani muda ambao ningeweza kukaanga sambusa nyingine.

"Kama ni kielelezo," akasema mwishowe, "basi hakiliwi. Na kama si kielelezo, nitajua baada ya dakika tano. Anza."

Nikaivuta meza ya pembeni katikati ya chumba. Nikaikung'uta leso yangu ya buluu na kuitandaza. "Hii ni Ghuba ya Bengali," nikasema, na mikono yangu ikaanza kazi kabla ya akili. Sambusa nikazirundika kushoto: Goa, makao makuu ya Wareno. Viazi karai juu: Bengali. Kulia, katlesi kwenye mstari kufuata pwani: ufalme wa Arakan. Chini yake bakuli la chatne ya ukwaju: mto mpana, wenye matope, unaoingia baharini. Na kwenye ukingo wa bakuli nikaweka hamri moja, peke yake.

"Hiki ni kibanda cha ushuru," nikasema. "Hapa ndipo hadithi inapoanza."

Kisha nikachagua sambusa moja iliyoungua pembe. "Na huyu ni Mreno wangu."

Nikamtembeza. Alikuja na njaa, akamuuzia bunduki yake mfalme wa Arakan. Mfalme akashinda vita kwa msaada wa watu kama yeye, akaiteka bandari ile ya mtoni, na badala ya kumlipa Mreno akamweka kwenye kibanda cha ushuru. Pengine mfalme alidhani amempa kazi ya karani. Lakini mtu anayekaa kwenye mlango wa forodha, kila merikebu inapita mkononi mwake. Mreno akajenga uzio wa mbao, akasema ni kwa ajili ya wezi. Nikaongeza hamri la pili na la tatu. Uzio ukawa ukuta. Nikaongeza mengine. Ukuta ukawa wa mawe, ukatiwa mizinga, na mfalme alipotuma watu kuuliza, "Kulikoni huko?" jibu lilitoka kwenye mizinga.

Mahamri yalikuwa yamepanda ghorofa. Nilisikia mtu ukutani akimeza mate.

Nikampeleka Goa kwenye sambusa wenzake. Huko akapewa merikebu, na mke kutoka katika jamaa ya mkubwa wa huko, akarudi bwana mkubwa. Sasa merikebu zote za upande ule zikalazimishwa kupita kwake kulipa ushuru, zitake zisitake. Wake kwa waume wa nchi ile wakamwita mfalme, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kuangalia mizinga ilikoelekea.

"Lakini tumbo lake halikujaa," nikasema. "Akaanza kuingia mahekaluni. Akachukua dhahabu. Akachukua kengele, aziyeyushe atengeneze mizinga zaidi. Na kulikuwa na kengele moja." Nikainua kaimati kubwa kuliko zote, ikadondosha shira. "Kubwa kama basi la ghorofa la Tottenham, na abiria wake, na mume wangu kwenye usukani. Akaiviringisha mpaka mtoni, akaipakia kwenye chelezo, akaifunga na merikebu yake. Wakafika katikati ya maji..."

Nikaiachia. Ikaingia ndani ya ukwaju, *tubwi*, ikatoa kiputo kimoja, ikapotea.

"Aaah!" wakasema wote ukutani, na kaka yangu akashika kichwa. "Kaimati nazuri vile!"

Kutoka hapo ilikuwa ni kuteremka. Mfalme mwingine akashuka kutoka bara na majeshi, akaizunguka ngome. Baruti ikaanza kuisha. Inasemekana Mreno alimpa mtu wake fedha aende Bengali akanunue baruti, na mtu yule akaziona fedha, akaiona bahari, hakurudi tena. Ngome ikavunjwa. Watu wa mahekalu hawakusahau kengele yao. Nikachukua kijiti cha mshikaki, nikaisimamisha ile sambusa yenye pembe iliyoungua juu ya ukuta wa mahamri, nikaichoma kutoka chini hadi juu.

"Ndivyo walivyomfanya," nikasema. "Mlimani, juu ya ngome yake, mahali ambapo kila merikebu ingemwona."

Hakuna aliyecheka. Nikachota katlesi ndogo ndogo nikazisogeza ndani kabisa, mbali na leso, kwenye mbao kavu za meza. "Askari wake waliosalia hawakuuawa. Walipelekwa bara, wakapewa ardhi, wakaoa huko huko. Wajukuu wao wanalima mpaka leo, na wapo miongoni mwao wanaosali kama Wareno. Hiyo ndiyo ngome pekee aliyoijenga ikabaki."

Robo saa ikaisha. Mtahini akavaa miwani yake.

"Kengele," akasema. "Kubwa kama basi la ghorofa. Umejuaje?"

Mwalimu akafumba macho. Nami nilikuwa na jibu tamu tayari ulimini, lina basi la pili ndani yake. Lakini macho ya mama yule yaliniangalia kama yanavyoniangalia macho ya msimamizi wangu asubuhi akiuliza habari za usiku, na kwa mazoea tu, mgongo ukanyooka.

"Basi ni langu mimi," nikasema. "Nilichosoma ni kwamba ilikuwa kubwa mno. Vipimo vinatajwa, lakini vimeandikwa na watu ambao hawakuipima wenyewe, kwa hiyo sivibebi. Kwamba ilizama, hayo nimeambiwa. Yanasimuliwa sana kule, na watu wameitafuta mtoni bila kuipata. Ninachodhani mimi, na ni kudhani tu, ni kwamba kengele ambayo haijaonekana huzidi kukua kila mwaka."

Akaandika. "Na mtu aliyekimbia na fedha za baruti?"

"Hilo nimelikuta kwenye masimulizi. Waliolisimulia walikuwa upande wa Mreno, na aliyeshindwa vita hutafuta wa kumtupia lawama. Siapi."

Akaandika tena. Ukurasa ukageuka. "La mwisho. Umetwambia unatoka Mombasa, na mara zote unasema 'Mreno wangu'. Kwa nini?"

Hilo sikulitarajia. Halikuwa na kitabu.

"Nimekaa naye mwaka mzima," nikasema. "Mume wangu anamuulizia asubuhi. Simsamehe dhahabu ya watu wala kengele yao. Kama angekuja kwetu, na wenziwe walikuja, ningemwagia maji ya moto dirishani. Lakini mtu aliyezaliwa bila kitu, akavuka bahari akatafute kuwa mtu, huyo namjua. Na mimi nimevuka. Tofauti yetu, mimi sijachukua kengele ya mtu."

"Bado," akasema kaka yangu kutoka ukutani, kwa Kiswahili, na nikamkazia jicho.

Mtahini na mwalimu wakatoka kwenda ukumbini. Sisi tukabaki na Ghuba ya Bengali. Hakuna aliyethubutu kugusa hata Arakan. Nilisimama nikihesabu matofali ya ukuta ili nisihesabu kitu kingine. Niliwaza jinsi nitakavyomwambia mume wangu: niliangushwa na sambusa. Niliwaza kuwa angecheka, kisha angenyamaza, kisha angeniletea chai bila kuambiwa, na hiyo chai ndiyo ingenitoa machozi.

Wakarudi. Mwalimu alikuwa anajaribu kuukaza uso wake na uso haukumtii. Mtahini akaketi, akaweka sahihi chini ya karatasi, polepole, herufi zote. Akaifunga kalamu. Akalifunga faili.

"Umepita," akasema. "Alama zako zinatosha. Nimeandika pia kwamba kielelezo kilikuwa cha kipekee."

Wenzangu walipiga makofi hadi, nadhani, Edgware Road walisikia. Haya, walisikia ghorofa ya chini. Mimi sikusema neno, na wanaonijua watathibitisha kuwa hilo halijawahi kutokea tena.

Mama yule akasimama akaisogelea meza, mikono nyuma. Akaizunguka bahari yote. "Wewe sasa si mtahiniwa wangu tena," akasema. "Naomba kujua kitu kimoja, kwa ajili ya kumbukumbu. Hii ngome bado ni kielelezo?"

"La, mama," nikasema. "Sasa hivi ni mahamri."

Akanyoosha mkono akang'oa lango.

Baada ya hapo hakuna jeshi lililowahi kuteka nchi kwa kasi ile. Goa ilianguka kwanza. Kaka yangu wa Rayners Lane aliimaliza Bengali peke yake, kisha akakumbuka kuwa malkia wake wa China alikuwa anafuata, ikabidi azungumze robo saa na shavu moja limejaa. Naye pia alipita. Mwalimu akazamisha mkono mtoni akaipata kengele, iliyoshindikana kwa karne zote hizo, akaila na ukwaju wake, akasema si mbaya.

Cheti kilikuja kwa posta wiki kadhaa baadaye, ndani ya bahasha ngumu. Jina langu limeandikwa kamili, na si bili. Nikanunua fremu ya dhahabu kubwa kama mlango. Naam, kama mlango wa kabati. Mume wangu alikuwa kazini. Nikapanda kile kiti, nikaiondoa kofia, nikatundika cheti, nikashuka nikakaa kukitazama mpaka chai yangu ikapoa.

Aliporudi kutoka msikitini baada ya magharibi, aliingia akizungumza, akanyoosha mkono ukutani bila kuangalia kama alivyofanya mwaka mzima, na kofia ikagonga kioo ikaanguka sakafuni. Akageuka. Akasoma kila neno kwa sauti, hata jina la mtia sahihi, hata namba iliyo pembeni. Akanitazama, akafuta kioo kwa mkono wa kanzu, akanyoosha fremu iliyokuwa imepinda kidogo, akainama kuokota kofia yake.

"Sasa hii," akasema, "niitundike wapi?"

"Muulize Mreno," nikamwambia, nikaenda kumtilia chai.